Jogoo wa Pongezi na Ovadrafti Yangu

Leo kaka yangu mkubwa ameondoka kwangu Mbale amenuna, na sijutii.

Alikuja asubuhi kutoka Jinja na jogoo, eti kunipongeza kwa kumaliza deni la benki.

Nikamwambia naenda kuifunga na ovadrafti, ile ruhusa ya kutoa zaidi ya nilichoweka.

Akaacha kutafuna chakula nilichomwandalia.

“Usifunge, mdogo wangu. Bakiza kidogo, ya dharura.”

Dharura ya nani?

Kumbe ameshawaahidi wazee kwamba pombe ya tohara ya mwanawe nitanunua mimi.

Deni nililipa peke yangu, nikila muhogo bila mchuzi. Hakuwahi hata kunijulia hali.

Nikamwacha mezani, nikaenda kuifunga.

Niliporudi nikamwambia. Akamchukua jogoo wake, akaenda kupanda basi la Jinja.

Mliokuwa kituo cha basi, kati ya kaka na jogoo nani alipiga kelele zaidi?