Mmeru Aliyekimbia Baridi

Fortunata aliingia Kipatimu mwezi wa tano amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi, na hakutaka kuvua hata moja. Mimi, Kidawa, nilikuwa pale pale kando ya barabara nakaanga mihogo, kwa hiyo nilimwona vizuri kuliko mtu yeyote. Nyuma yake akashuka mumewe, Nikodemo, amejitwika mashine ya kufumia sweta. Mashine ya sweta, huku kwetu! Nilicheka mpaka nikaunguza mihogo ya watu.

Nikodemo ni mtoto wa hapa, tumechunga mbuzi pamoja. Aliondoka kijana, akaenda kaskazini kuendesha trekta kwenye shamba la maua, akaoa huko huko, akakaa miaka ishirini na saba. Safari nzima alimwambia mkewe kwamba njia ya kwao anaijua hata akifumba macho. Akayafumba kweli. Basi lilipofika Njia Nne, ambapo watu wa Kipatimu hushuka, bwana alikuwa anakoroma, wakashtukia wako Nangurukuru. Kwa hiyo chakula cha kwanza cha Fortunata katika wilaya yetu kilikuwa wali maharage wa stendi, amekalia mashine yake, anamuuliza mumewe kama na nyumba yenyewe ataikumbuka.

Hawakuhama kwa kupenda. Fortunata ni Mmeru, amezaliwa Akheri, na nyumba yao ilikuwa Arusha upande wa Ngaramtoni, ambako mwezi wa saba ukungu unaingia hadi jikoni na kukaa kama mgeni asiye na haya. Aliwafumia sweta wanafunzi wa nusu ya mji ule, lakini kifua chake mwenyewe hakikupata sweta ya kukitosha. Alikuwa na pumu. Mwaka mmoja tu alilazwa mara tatu, na mara ya tatu daktari akamwambia mbele ya mumewe: "Mama, hama. Kipupwe kingine cha hapa sikuahidi kama utakimaliza." Nikodemo akasema kwao nako kuna milima, ila ni milima isiyo na hasira.

Na hilo ni kweli. Milima yetu ya Umatumbi inatupa machungwa na hewa nzuri, basi. Lakini sisi tuliozaliwa humo tunaona ina baridi ya kutisha. Mwezi wa sita ukiingia tunawasha moto asubuhi, na marehemu baba yangu, Mzee Maftaha, alikuwa anajifunga taulo shingoni juu ya koti. Fortunata wakati huo alikuwa amekwishazivua sweta zake na anaoga maji ya kisima alfajiri. Mtu akipita na kulalamika, anamjibu kutoka bafuni: "Baridi iko wapi? Nionyesheni na mimi niione!"

Nikampenda. Nasema wazi, nilimpenda siku ile ile ya mihogo, na kwa kuwa nilimpenda nikaharibu kila kitu.

Ukoo wetu na ukoo wa kina Nikodemo ni watani tangu enzi za mababu. Sisi Waislamu, wao Wakatoliki, lakini utani haujui hilo. Mtani wako anaweza kukutukana sokoni, kukunyang'anya kofia, kuingia kwako na kula chakula chako, nawe ukikasirika basi umeshindwa na kijiji kizima kitakucheka. Na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kukuchekesha wakati ndugu zako wote wanalia. Mke wa mtani ni mtani vile vile. Kwa hiyo Fortunata alikuwa wetu tangu aliposhuka garini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia. Miaka yote hiyo ya ndoa, na Nikodemo hakukumbuka kulitaja, maana huko Arusha hakuwahi kukutana na mtani hata mmoja!

Jumapili moja Nikodemo alikuwa Kilwa Masoko kutafuta mabati, na Fortunata yuko kanisani. Mimi na wenzangu watatu tukaingia kwake. Tukamchinja jogoo ambaye mama mkwe wake alimpa zawadi kabla ya kuhamia mjini, tukampika kwenye sufuria yake, kwa nazi yake, tukakaa kwenye mkeka wake tukala. Tulimwekea kichwa na miguu kwenye sahani nzuri, tumeifunika vizuri. Alipotokea mlangoni na rozari yake mkononi nikamwambia, "Karibu mgeni. Umechelewa, lakini hatukukusahau."

Nilingoja atukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi mazuri. Alifunua sahani, akatutazama mmoja mmoja, akageuka na kwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji kushitaki wizi.

Mtendaji wakati ule alikuwa Nurdin, kijana wa watu, mstaarabu. Alifungua daftari, akauliza nani kaiba. "Huyu mama wa mihogo, Kidawa." Akauliza ameiba nini. "Jogoo. Na amemla mbele yangu." Nurdin anajua ukoo wetu na ukoo wa kina Nikodemo, basi akashindwa kujizuia. Akacheka, akaweka kalamu chini, akacheka tena, akajifuta machozi. Fortunata akasimama pale anamtazama. Kisha akasema, "Huku hata serikali inacheka pamoja na mwizi," akaondoka.

Nikodemo aliporudi na mabati yake alikuta mkewe anafungasha. Akamweleza habari za utani tangu mwanzo hadi mwisho, na Fortunata akasikiliza vizuri, kwa sababu ana adabu. Akamjibu, "Mume wangu, kwetu mtu akikupenda anakuletea. Hawa wamenilia. Narudi kwa Grace." Grace ni binti yao, yupo Arusha. Nikodemo hakubishana. Alimwomba kitu kimoja tu: asubiri mwisho wa mwezi wa nane, baridi ya huko ipungue kwanza, ndipo aende. Akakubali, kwa ajili ya kifua tu.

Hesabu yenyewe Nikodemo aliijua, na mimi niliijua. Mwezi wa tisa Arusha kuna nafuu. Lakini mwaka huzunguka, mwezi wa sita hurudi, na kile kipupwe ambacho daktari hakukiahidi kingemkuta kule kule. Huku kwetu alikuwa hajaigusa dawa yake ya kuvuta kwa wiki saba. Alipanda kilima cha misheni anaimba! Nikodemo alianza kukonda. Alikuja kununua mihogo, akakaa kwenye benchi langu bila kula, akasema, "Mtani, safari hii umeniua kweli."

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kumwomba radhi. Ndipo penye ugumu. Mtani haombi radhi. Ukimwomba mtani wako msamaha kwa utani, umemwambia kwamba yeye si mtani wako, ni mtu baki tu uliyemkosea. Kaka yangu Idd alinionya: "Ukienda kupiga magoti, umekata wewe mwenyewe kamba ya mababu." Basi mimi, kwa ujinga wangu, nikaona dawa ni kuzidisha. Kila alipopita nilimtupia neno. Nilimuuliza kama Wameru wote wana masikio makubwa vile au ni ya kwake tu. Nilimwambia Nikodemo alioa mashine, mke akaja kama nyongeza. Alipita amenyoosha shingo, na mimi nikabaki na mdomo wangu na mafuta yangu yanayoungua. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na walikuwa wananijua.

Mtu pekee wa kwetu aliyesemeshana naye alikuwa baba. Kila asubuhi Mzee Maftaha alipita mbele ya nyumba yao akienda kuyahesabu machungwa yake. Alikuwa bahili wa machungwa, Mungu amrehemu. Aliyahesabu yakiwa bado mtini, akiyanyooshea bakora moja moja, na akikosea alirudi mwanzo. Fortunata alitoka mlangoni na kumwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mmeru. Bado unatuibia joto letu?"

"Bado, mzee. Nikiondoka nitawaachia."

Baba alikohoa, akakaza taulo, akaendelea na hesabu yake. Hilo tu, kila siku. Mimi nilisikia kutoka kwangu na nikamwonea wivu baba yangu mzazi.

Ukafika mwisho wa mwezi wa nane. Fortunata alipanga kuondoka Jumatano, kwa gari la saa nne. Jumatatu alfajiri baba hakuamka. Alikuwa na miaka mingi na hakuteseka, alhamdulillahi, lakini baba ni baba. Tulimzika siku ile ile kabla ya alasiri.

Watani wa ukoo wa kina Nikodemo walipaswa kuja. Mzee wa namna ile, mtani wa watu wote, hawezi kuzikwa kimya kimya. Anayefanya kazi hiyo siku zote ni Stefania, dada yake Nikodemo: huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa washike mbavu. Lakini Stefania alikuwa Lindi amefanyiwa upasuaji wa macho, na wengine wa ukoo ule walikwishahamia mjini. Nikodemo alikuja, akajaribu kusema neno la kuchekesha, akaanza kulia kuliko sisi. Jumatatu ikapita kimya. Jumanne ikapita kimya. Nililala chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikawa nawaza kwamba baba ameondoka kama mtu asiye na kwao, na kwamba sehemu ya kosa ni yangu, kwani ni nani wa ukoo ule ningeweza kumwangalia usoni?

Jumatano ilikuwa hitima. Ikasomwa, watu wakaitikia amina, pilau ikaanza kutoka. Gari lilikuwa limesimama barabarani, na begi la Fortunata nililiona kwa macho yangu kwenye keria. Yeye mwenyewe sikumwona. Nikasema moyoni, ameshapanda, hakuaga.

Ndipo mlango wa chumba cha baba ukafunguliwa na baba akatoka.

Alikuwa na kanzu yake, kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, taulo shingoni juu ya koti, na bakora. Alitembea kwa ule mwendo wake wa kukokota mguu wa kushoto. Akakohoa mara mbili kavu na moja ya maji, vile vile kabisa. Kisha akainua bakora na kuanza kutuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kwa Nurdin mtendaji akasita, akarudi akamwangalia tumbo, akasema kwa sauti ya baba, "Huyu ana machungwa yangu mawili humu ndani," akaanza tena kutoka moja.

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni shangazi Esha, ambaye tangu Jumatatu alikuwa hajanywa hata maji. Kisha nyumba nzima ikalipuka. Wanaume wakaweka sahani chini, Idd akaegemea nguzo anapiga mapaja, na mimi nilicheka mpaka kilio nilichokuwa nimekibana siku tatu kikatoka chote pamoja na kicheko. Ni Idd aliyemfungulia Fortunata kile chumba. Alikuwa ameomba mwenyewe, usiku wa Jumanne, baada ya kumuuliza mumewe kwa nini msiba wa mtani hauna mtu wa kuchekesha, na Nikodemo kumjibu kwamba hakuna mwanamke wa ukoo aliyebaki. Alimuuliza, "Na mimi ni wa ukoo gani?"

Akaja akasimama mbele yangu. Chini ya ile kofia yalikuwa macho ya Fortunata, mekundu.

"Na huyu mwenye mdomo," akasema, "huyu simhesabu. Huyu ni chungwa bovu."

Nilingoja miezi mitatu kusikia tusi lile. Nikamjibu, "Baba, tangu ufe umekuwa na sura mbaya zaidi." Watu wakapiga makofi.

Sasa, kwa mila, mtani akishavaa nguo za marehemu havui mpaka apewe anachodai. Hudai kuku, hudai kanga, wengine hudai soda. Nikamwambia ataje chake haraka, gari linamngoja. Dereva alikuwa anapiga honi kweli kweli, na Nikodemo alikuwa amesimama kando ya gari, ameshika ngazi ya keria kwa mikono yote miwili.

Fortunata akatazama huku na huku, akapiga bakora chini.

"Nataka lile bonde lenu la kisimani," akasema kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Nipande migomba. Mnazoita ndizi huku mimi sizijui ni kitu gani."

Idd akaniangalia, nikamwangalia. Bonde lile lilikuwa la baba, na sasa ni letu. Nikasema, "Chukua." Mzee mmoja akamtania kutoka upande wa wanaume: "Mama, mgomba wa mteremko huu unachukua mwaka na nusu kutoa mkungu. Utangoja?"

"Kwani nina safari?" akajibu Fortunata.

Nikodemo alisikia. Aliiachia ile ngazi, akakaa chini pale pale kwenye vumbi la barabara na suruali yake ya kanisani, akafunika uso kwa mikono, na dereva akapanda mwenyewe kwenye keria kulishusha begi.