Baiskeli Nyeupe ya Romulo

Asiyewahi kuendesha baiskeli mjini kwetu atakwambia kwamba tatizo ni jua. Jua halina kosa. Jua la Arizona ni adui mwenye adabu: lina saa yake ya kutoka, na ukiijua saa hiyo unaweza kupatana nalo. Delfina Bojórquez alipatana nalo zamani. Alitoka kabla yake, akarudi kabla halijakasirika, na vishikio vya usukani akavifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji, maana chuma kikishika moto hapa huachi alama za vidole, unaacha vidole.

Tatizo ni barabara. Ile yetu kubwa ina njia sita za magari, na katikati iko ya saba ya wanaosubiri kukata kona. Pembeni pana ukingo wa saruji, na nje ya ukingo ni mbigili tupu. Mwenye baiskeli achague mwenyewe: gari au pancha. Na wenye magari wakimwona mtu mzima juu ya baiskeli husema mawili tu: ama ni mlevi aliyenyang'anywa leseni, ama ni maskini. Delfina hakuwa mlevi. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu utotoni, na alipokwenda kufanya mtihani wa leseni mara ya kwanza, waliomtahini walimwomba asirudi mara ya pili.

Akapiga hesabu zake. Gari linataka bima, mafuta, na fundi anayekuita dada huku akikuibia. Baiskeli inataka tyubu na magoti. Magoti alikuwa nayo.

Aliuza tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu, ukafungwa ndani ya maganda ya muhindi na kuiva kwa mvuke. Wateja wake walikuwa waezekaji wa mapaa. Watu hao hupanda juu alfajiri, kwa kuwa ikifika saa nne bati linaweza kumkaanga mtu pamoja na viatu vyake. Biashara asubuhi, na asubuhi yao ilikuwa mapema kuliko ya jogoo. Sufuria mbili kubwa, zimefungwa mablanketi, zilikaa mbele ya guta lake la magurudumu matatu, na guta hilo halikununuliwa dukani. Lilichomelewa na Heriberto Quijada, mwenye duka la matairi kwenye barabara hiyo hiyo, kwa mabomba ya kitanda cha zamani na magurudumu ya baiskeli tatu zilizokufa. Ni yeye aliyemfundisha kujaza gundi ndani ya tyubu ili mbigili zikichoma, upepo usitoke.

Heriberto alikuwa mzazi mwenzie wa ubatizo. Yeye ndiye aliyemshika Ulises, mtoto wa pekee wa Delfina na Romulo, kwenye maji ya ubatizo. Na kwetu, mtu akimshika mwanao pale, urafiki umekwisha. Kilichoanza ni kikubwa zaidi. Siku hiyo hiyo mnaacha kuitana majina. Jana mlitukanana kwa mzaha, leo ni "mzazi mwenzangu" mpaka kaburini. Hamdanganyani katika biashara. Na mmoja akisema mbele za watu, mwingine hampingi, hata kama amesema maji yanapanda mlima. Mkifika nyumbani mtapingana mpaka vyombo vivunjike, ila si hadharani.

Romulo naye alikuwa mtu wa baiskeli. Aliuawa mchana kweupe mbele ya duka la Heriberto, na gari dogo la mizigo lililokata kona kulia kuingia mahali pa kuoshea magari. Dereva alishuka, akashika kichwa, akasema neno moja tu, akalirudia mpaka polisi walipofika: "Sikumwona. Sikumwona."

Heriberto alitaka kumpiga. Watu walimshika. "Mtu mzima, shati jekundu, baiskeli ya kijani, mchana!" alikuwa akipiga kelele. "Hukumwona? Angekuwa mkebe wa bia ungemwona!"

Ndiye aliyeinyoosha baiskeli ya marehemu kwa nyundo, akaipaka rangi nyeupe yote, hata spoki na mnyororo, akaifunga kwa kufuli kwenye nguzo ya taa mbele ya duka lake. Ndivyo tunavyofanya mjini kwetu pale mwendesha baiskeli alipofia. Ufunguo wa kufuli alikaa nao yeye. "Itakuwa chini ya jicho langu, mzazi mwenzangu," alisema. Na kila Novemba, wafu wakumbukwapo, aliipiga rangi upya, Delfina akaifunga maua ya manjano kwenye usukani.

Tusimnyime mtu haki yake: kwa miaka mingi alilishika neno lake.

Kisha jiji likatangaza kwamba linafikiria kuchora njia ya baiskeli kando ya barabara yetu, yenye vigingi vya kuitenga na magari. Watu walicheka. Delfina hakucheka. Kila asubuhi akifika pale alipofia marehemu mumewe alikuwa akikaza meno na kukaza miguu, jicho zima likiangalia nyuma, lenye ukungu akimwachia Mungu. Njia ile ingempa ukingo wake mwenyewe. Hakuwa akiomba bustani. Aliomba upana wa guta na nafasi ya kiwiko.

Mkutano uliwekwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa. Delfina alifanya kampeni kama anavyouza: mlango kwa mlango, bila kubembeleza. Aliwapata waezekaji, wafagiaji wa hoteli, mzee mmoja mkata nyasi anayebeba mashine yake kwenye kigari nyuma ya baiskeli. Kisha akafanya hesabu ambayo mpaka leo anaijutia. Akamwendea Heriberto.

"Wewe utasema wa kwanza, mzazi mwenzangu."

"Mimi? Kwa nini mimi? Wewe ndiye mwenye guta."

"Muuza tamale akisema, wanatabasamu. Mwenye duka akisema, wanaandika. Sema wewe kwanza, mimi nitakuja nyuma yako nikusukume."

Heriberto akacheka, akajikuna shingo. "Haya. Nitasema."

Hakusema atasema nini. Delfina, anayeweza kunusa nyama ya jana kupitia mfuko uliofungwa, hakunusa kitu.

Alhamisi kabla ya mkutano, akirudi na sufuria tupu, aliiona nguzo. Nguzo tupu. Akafunga breki nusura aanguke.

"Mzazi mwenzangu! Baiskeli ya marehemu iko wapi?"

Heriberto alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa. "Nimeiingiza ndani. Jua limeibabua mno. Nataka kuipiga rangi."

"Rangi tunapiga Novemba."

"Mkutano si keshokutwa? Nataka ing'ae watu waione."

Delfina aliona ni wazo zuri, akasikitika kwamba halikuwa lake. Akamfunulia blanketi, akampa tamale zilizobaki za pilipili kali, zile anazozipenda. Heriberto alizipokea bila kumwangalia usoni. Hilo nalo alilikumbuka baadaye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Guta lake alilifunga mlangoni kabisa, mahali ambapo kila anayeingia lazima alikwepe. Mhandisi wa jiji, msichana mrefu aliyechomwa na jua puani, alieleza mchoro, kisha akaita jina la kwanza.

Heriberto alisimama. Alikuwa amevaa shati la harusi.

"Mimi nina duka la matairi hapo barabarani," alisema. "Kila siku nipo mlangoni. Mkitaka kujua nini kinapita kwenye barabara ile, niulizeni mimi. Malori yanapita. Mabasi yanapita. Mbwa wanapita. Baiskeli?" Akanyanyua mabega. "Sijaona baiskeli. Mtachora njia ya nani? Mtachukua maegesho ya mbele ya maduka yetu, mpewe kura na nani, na mbigili?"

Ukumbi ukalipuka kicheko. "Mpeni mbigili njia yake!" kinyozi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Baiskeli ni ya watoto na walevi!"

Delfina alikuwa amekwisha nyanyuka nusu, amejiandaa kumsukuma kama walivyopatana. Akabaki hivyo hivyo, mkono mmoja juu ya kiti cha mbele, kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani.

Mhandisi akauliza, "Hapajawahi kutokea ajali sehemu hiyo? Nilipita Alhamisi kupima, sikuona alama yoyote."

"Hakuna alama," alisema Heriberto, akaketi.

Alhamisi. Delfina akaiona tena ile nguzo tupu.

"Anayefuata ni Bibi Bojórquez," aliita mhandisi.

Watu wakamgeukia. Ulises, mwanawe, dereva wa lori, alikuwa amesimama ukutani, na alimwona mama yake akifungua mdomo. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: mzazi mwenzangu anasema uongo, guta liko mlangoni, yeye ndiye aliyelichomelea, na baiskeli ya mume wangu iko stoo kwake. Maneno yalikuwepo. Lakini mtu aliyemshika mwanao kwenye maji ya ubatizo hapingwi mbele za watu. Ulimi wa Delfina ulilijua hilo kabla ya akili yake.

"Mimi sina la kusema," alisema, akaketi.

Waezekaji wakatazamana. Mzee mkata nyasi akakunja kofia yake. Ikiwa aliyewaita amenyamaza, wao waseme nini? Nao wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Heriberto aliangalia mbele muda wote. Yeye pia aliijua mila ile. Ndiyo maana alikubali kusema wa kwanza.

Nje, Ulises alimsaidia kufungua mnyororo wa guta. "Mama, ungesema!"

"Ni baba yako wa ubatizo."

"Basi aniondolee ubatizo wake!"

"Nyamaza. Nyamaza, nafikiri."

Alifikiri Jumapili nzima. Hakulia. Mtu akikuuzia nyama mbovu hulii, unarudi dukani. Jumatatu saa nne akaliegesha guta mlangoni kwa Heriberto, akaingia.

"Karibu, mzazi mwenzangu," Heriberto alianza haraka. "Nilikuwa nakuja kwako nikueleze. Wewe hujui biashara ya matairi. Mteja wa tairi hatembei kwa miguu. Akikosa pa kuegesha anakwenda kwa mwingine. Maegesho manne! Wakiyachukua nitafunga, familia yangu itakula nini?"

"Mimi sijui biashara?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Haya, nifundishe. Wateja wako wanajaa saa ngapi?"

Heriberto akachukua tairi, akaliviringisha kando.

"Nitakwambia mimi. Mchana, joto likipasua matairi. Mimi alfajiri napita umefunga, saa hizi narudi huna mtu. Tazama nje. Nani ameegesha? Guta langu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungekuja tungegawana. Asubuhi njia, mchana maegesho. Ningesimama mbele yao nikakuombea mwenyewe, na waezekaji wote nyuma yangu. Wangekubali, ungebaki na wateja wako, na mimi ningebaki na uhai wangu."

Heriberto aliangalia nje, akayahesabu maegesho yake kwa macho. "Sikufikiria hilo," alisema, na kwa bahati mbaya alikuwa akisema kweli.

"Hukufikiria kwa sababu hukutaka kupatana. Mtu kuniuza naelewa, hata mimi nauza. Lakini wewe hukuniuza. Uliniokota bure. Ulijua sitafungua mdomo."

"Nitakupa matairi ya guta. Maisha yako yote, bila malipo."

"Matairi nitanunua kwa mwingine. Lete baiskeli."

Ilikuwa stoo, imelazwa chini ya matairi makuukuu. Haikuwa imepigwa rangi. Vumbi lilikuwa juu ya nyeupe ya mwaka jana, na kipande cha ua kavu bado kilikuwa usukanini. Kufuli lilining'inia kwenye mnyororo. Delfina akalifungua kwa ufunguo uliokuwa umechomekwa, akaliweka juu ya kaunta, ufunguo ndani yake.

"Hili ni lako," alisema. "Kwaheri, Bwana Heriberto."

Yeye aliyezoea kelele za nyundo na pampu alishtuka kwa jina lake mwenyewe. Tangu Ulises abatizwe, Delfina hakuwahi kulitamka. "Mzazi mwenzangu," alimwita akiwa amefika mlangoni. "Mzazi mwenzangu!" Delfina hakugeuka. Aliisukuma baiskeli nyeupe mpaka kwenye nguzo, ambayo si ya mwenye duka, ni ya umma, akaifunga kwa kufuli lake jipya.

Njia ya baiskeli ilichorwa baada ya joto kupungua. Iko mpaka leo, nenda ukaione. Inakuja vizuri kutoka magharibi, ya kijani, ina vigingi vyake, halafu inafika kwenye ukuta wa duka la matairi inakatika, ikiyaacha maegesho yale manne, kama mtu aliyekatizwa maneno. Inaanza tena baada ya mahali pa kuoshea magari. Katikati hapo, ni kila mtu na Mungu wake.

Kila siku saa nne Delfina anaifikia ncha ya ile rangi ya kijani. Hashuki, wala hasogei ukingoni kwenye mbigili. Anaingia katikati ya njia ya magari, ambayo sheria inampa, mkono umenyooshwa, mpaka mbele ya duka. Hapo anasimama na kupiga kengele.

"Bwana Heriberto! Umeona baiskeli?"

Siku nyingine Heriberto amejificha nyuma ya kaunta, ameinamia tairi lisilo na kasoro. Delfina hana haraka, tamale zimekwisha. Kengele inaendelea mpaka anyanyue kichwa. Akishanyanyua na macho yao yakakutana, Delfina anakanyaga pedeli na kwenda zake, magari yamejipanga nyuma yake yakimpigia honi, jua limeshaanza kukasirika.