Ndugu Wawili Katika Mto Furati

Mwatime alitoka Kwale na elimu ya darasa la saba na juzuu chache moyoni. Mwaka wa kumi na moja huu yuko Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, akimtunza Mama Hessa, bibi aliyesomesha historia skuli ya wasichana hadi nywele zikawa pamba. Habari za wafalme wa kale Mwatime alizipata kwake, huku akimsuka.

Sasa akili ya bibi ilikuja na kwenda, na chakula alikikataa. Ila baada ya alasiri aliitaka hadithi moja tu: ya Abdurahmani wa Bani Umayya, alivyowakimbia Bani Abbasi waliowapindua jamaa zake. Akiisikiliza, hula. Ikifika pale mdogo wake Abdurahmani anapouawa, hulia, na kula ndio basi.

"Leo mwambie yule mdogo alivuka mto salama," madam, bintiye bibi, aliamuru. "Siku ya tatu hii mama hajala cha kumtosha. Yalla, haraka."

Mwatime aliona uzito. Uongo hakuuzoea. Lakini bibi akifa na njaa, je? Akachukua bakuli la supu, akaketi.

"Ndugu wale wakajitosa mtoni Furati. Askari ukingoni wakaita, 'Rudini, mna amani!' Hawakusikiliza. Wakavuka wote wawili, salama salimini."

Bibi akafumba mdomo. Akamkazia macho, macho ya mwalimu.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe, Mama."

"Mimi? Wallahi sijafundisha uongo. Ondoa kijiko chako!"

Madam alikuwa kasimama mlangoni. Mwatime alimwona, lakini akaweka kijiko chini.

"Nisamehe, Mama. Mdogo alichoka, akaiamini amani yao, akarudi. Wakamuua, kaka yake anaona."

Bibi akalia. Mwatime hakumwambia nyamaza. Alimfuta kwa ncha ya mtandio wake, naye machozi yakimtoka. Kilio kilipopungua, bibi akauliza, "Na mkubwa?"

"Alitangatanga miaka, Mama, hadi Andalusi, huko Hispania. Akasimamisha dola yake mjini Kurtuba."

"Mwaka gani wa Hijra?"

"Mia na thelathini na... sita?"

"Na nane! Miaka yote hii, kichwa kigumu kama kokwa ya tende!"

"Ndicho nilichojaliwa, Mama."

Bibi akafungua mdomo, akangoja. Mwatime akachota. Madam akaingia, akaketi zuliani, akamshikia Mwatime bakuli.

"Endelea," akasema. "Huko Kurtuba ikawaje?"