Kamba ya Mwashi na Unga wa Muhogo

Mama yangu alishona mifarishi ya viraka kwa vitu vya fundi baiskeli na fundi mwashi. Pete bapa za nati zilikandamiza kitambaa kisiteleze. Spoki iliyonolewa juu ya jiwe ilitoboa tabaka tatu kwa mara moja. Sumaku ya redio iliyokufa ilikusanya pini. Ili kuchora mstari, aliipaka kamba ya mwashi unga wa muhogo, akaivuta kutoka pembe hadi pembe, akaiinua kwa vidole viwili na kuiachia. Mstari ulilala mnyoofu kuliko wangu wa rula.

Katika miaka ya sabini, kanisa letu pale Nchelenge, kando ya ziwa la mpakani, lilitafuta mwanamke wa kufundisha darasa la ushoni. Sijawahi kumwona mama akitaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile. Mchaguzi alikuwa mwalimu wa ushoni kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkongo asiyejua lugha yetu, hivyo tulizungumza naye Kiswahili cha biashara. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, na nakiri kwamba asubuhi ya ukaguzi kwa aibu niliuficha mkebe wa vyuma vyake vya kushonea nyuma ya gunia la samaki wakavu. Mama aliutoa, akaupangusa, akauweka katikati ya meza.

Kosa lake lilikuwa kuuanika mfarishi karibu na maji. Umande uliulowesha unga, jua likaukausha, na mistari ikaganda. Mwalimu aliikwangua kwa ukucha, haikutoka. Akauliza kama hicho kilikuwa kitambaa au chungu cha ubwali, ugali wetu wa muhogo. Wanawake wa kanisa waliokuja kutazama walicheka. Nami nilicheka. Kisha akaeleza kwamba mshonaji wa kweli hutumia chaki na mkasi wa dukani, ingawa maduka yetu hayakuwa na kimoja wala kingine.

Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama mwalimu," alisema, "kitambaa haijue chuma ilitoka duka gani. Inajua tu kama mukono ilitetemeka."

Akauchukua mfarishi hadi ziwani, akauzamisha, akaukamua, akaurudisha ukichuruzika maji. Mistari ilikuwa imetoweka. Mishono haikusogea hata uzi mmoja. Mwalimu aliichunguza kwa muda mrefu, kisha nafasi akampa mwanamke mwingine wa kanisa, aliyekuwa na mkasi.

Juma lililofuata mama alitandika mkeka kibarazani. Wanawake sita wa darasa lile walikuja, wakiwemo waliocheka, kila mmoja na kamba yake. Mwalimu alipotuma ujumbe kwamba darasa la ushoni ni moja tu, mama alimjibu mjumbe kwa upole kwamba yeye hakufungua darasa. Alikuwa ameketi kwake, akishona, na kibaraza chake hakina mlango wa kufungwa.

Mimi nilikuwa kizingitini, nikinoa spoki.