Jicho la Kuchambua Pamba

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kunitia aibu. Kwenye simu zilitokea picha mbili za mtu yuleyule, moja amenuna, nyingine ametulia. Zilipopotea, kitone kilijitokeza mahali pa ile tulivu, nami nilipaswa kukibonyeza upesi. Kijana mshauri wa hospitali, pale Bariadi, alinieleza kwa upole: "Mwalimu, jicho lako limezoea kukimbilia hatari. Tunalifundisha njia nyingine, taratibu."

Nilimwelewa. Tangu mwaka jana, kila niliposimama darasani, katika nyuso sitini niliuona uso mmoja tu, ule uliokunjamana, na maneno yakanikauka mdomoni. Mkuu wa shule alinipa likizo. Jumatatu nilitakiwa kurudi darasani, au niache kufundisha.

Ijumaa nilikwenda Kasoli kumsaidia mama kuchambua pamba. Ndiko jicho langu lilikofundwa. Tangu utotoni nimeketi juu ya turubai la mama nikitoa fifi, ile pamba yenye madoa na iliyoliwa na wadudu, mama akinisifu kwamba doa halinipiti. Siku hiyo nikaamua, kwa ujanja wa msomi, kuligeuza turubai kuwa zoezi: nitazame nyeupe tu. Nilichambua asubuhi nzima kwa utulivu nilioukosa kwa miezi. Nilidhani nimepona.

Alasiri, kwenye kituo cha kuuzia pamba, mpimaji wa chama cha ushirika alipenyeza mkono katikati ya gunia langu, akatoa konzi, akaitandaza mezani: fifi tele.

"Mama, hii kachambua nani? Mgeni?"

"Mgeni gani! Huyu mwanangu, mwalimu." Kisha mama akanigeukia, akiniita kwa Kisukuma kama amwitavyo kila binti. "Mayu, macho umeyaacha mjini?"

Foleni nzima ikacheka, bila ubaya. Nilijua la kufanya: nitafute uso uliotulia. Zilikuwepo nyingi. Nikamwona mwanamume mmoja asiyecheka, amekunja uso, pengine kwa sababu ya jua, na macho yangu yakagoma kuondoka kwake.

Tulilimwaga gunia lote, tukaanza upya. Fifi niliiona yote, hata iliyojificha ndani ya nyeupe, bila kujitahidi.

"Ee, sasa umerudi," mama akasema, ameridhika kabisa.

Simu ikatetemeka mfukoni, kunikumbusha zoezi la siku. Sikuitoa. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kushika doa jingine.