Ng'ombe Wadogo kwenye Ukuta wa Biro

Ile siku baba yake Samweli aliposimama mbele ya ukuta wetu naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu. Kaa, weka rula chini. Michoro unayotaka kuipaka kwenye ile nyumba mpya ya serikali nimeiona, ni mizuri, lakini sikiliza kwanza.

Uhuru wa Kongo ulikuwa bado mbichi. Mwalimu wetu wa kuchora hapa Uvira alipewa ukuta wa biro, ile ofisi ya serikali, na badala ya kuupaka mwenyewe akatuambia sisi wanafunzi tuchore mji wetu. Ndipo alipotufundisha kuonyesha mbali na karibu. Tulivuta kamba yenye vumbi la chaki kutoka nukta moja, mistari ikafunguka ukutani, kilicho karibu kikawa kikubwa, kilicho mbali kikapungua. Loo, tulijiona mafundi! Mbele tukaweka soko, na mama muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na beseni lake. Nyuma, juu kabisa, milima ya Mulenge, na ng'ombe wadogo kama punje za mtama.

Samweli alikuwa mwenzetu wa darasa, mtoto wa wafugaji wa huko juu. Baba yake aliposhuka kumwona, mtoto akamleta kwa furaha mpaka mbele ya ukuta. Mzee aliegemea fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema akijigusa kifua, "kwetu minye iko mutu wa heshima. Hapa ule mama wa ndagala iko mukubwa kuliko minye, ngombe zangu na mulima muzima. Njo vile munatuona? Basi mutoto wangu arudi nyumbani."

Samweli akalia, mvulana mkubwa vile. Sisi wengine tukaanza kubisha, eti ni kanuni, eti hatukumtukana mtu. Mwalimu akatukemea.

"Munyamaze! Kanuni ni ya macho, na macho yana pa kusimama. Mzee, unipe siku chache. Nitapanda kwako na hawa wote."

Tukapanda. Miguu iliwaka moto, pumzi zikatukatika. Tulipofika ukingoni mwa malisho ya mzee, mwalimu akatugeuza tuangalie tulikotoka, akasema tuchore. Mbele yangu alisimama ng'ombe, pembe zake zikajaza karatasi nzima. Na Uvira, soko letu, biro yetu na majivuno yetu yote, ilikuwa doa tu kando ya ziwa.

Mzee alizitazama karatasi moja moja, halafu akamwambia mwanawe arudi nasi shuleni. Tukapaka ukuta wa pili wa biro, ng'ombe mbele, mji chini kabisa. Basi watu wa mjini nao wakakasirika: mbona mmetufanya wadogo? Mwalimu akawajibu tu kwamba njia ipo, wapande wakaone. Wengi hawakupanda.

Kisha yakaja maasi. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa na ndagala wakaanza kuitana maadui, na bunduki zikafuata maneno hayo. Biro ikaungua na kuta zake zote. Samweli alitoka kwenda kuwatafuta wazazi wake, hatukumwona tena. Hadi leo moyo unaniuma, mwanangu, wala sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema watu fulani ni wadogo, usimwulize habari za watu hao. Muulize yeye alisimama wapi alipowatazama. Na wewe, kabla hujachovya brashi, nenda kwa wale unaotaka kuwachora nyuma, wadogo, ukutani kwako. Kula nao, ujue majina yao. Mkono ukikosea, rangi inafutika. Aliyedharauliwa mpaka akauawa harudi.

Nenda sasa. Mungu akupe miguu isiyochoka kupanda. Na siku watu watakapokuchora wewe, awape moyo wa kukukaribia kwanza.