Kifuniko cha Eliudi

Kibanda cha pampu kilikuwa bondeni, mbali na kambi za wafanyakazi wa mkonge, na kwa miaka mingi Eliudi alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Mtu huyo alikuwa Zubeiri, Mpemba mwembamba aliyependa ubishi. Eliudi mwenyewe alikuwa Mshambaa. Tangu mkewe, Bertha, afariki, hakuona tena sababu ya kurudi milimani. Yeye na Zubeiri waliyasukuma maji ya mto kwa pampu hadi kwenye tangi kubwa juu ya kilima, na kutoka huko yakateremka kiwandani na kambini.

Mwaka 1955 vikaletwa vipuri vipya vya pampu. Siku ya kuvifunga, Eliudi alikuwa ameenda Tanga mjini kung'olewa jino. Manase, msimamizi wa mitambo, alimwambia Zubeiri atoe vyote vya zamani. Zubeiri akatoa. Ndani ya bomba kubwa kulikuwa na kilango cha shaba, kilichoyaacha maji yapande tangini na kuyazuia yasirudi. Nacho kilikuwa cha zamani, kimefanya kutu ya kijani, naye akakitoa pamoja na vingine.

Pampu ilipowashwa, maji yalipanda vizuri. Ilipozimwa, maji yote ya tangini yalirudi chini kwa kishindo, yakaizungusha pampu kinyumenyume mpaka mhimili wake ukakatika.

Eliudi alirudi na shavu limevimba, akamkuta Zubeiri anakunja mkeka. Alikuwa amekwisha kufukuzwa.

"Nilimuuliza Manase," Zubeiri alisema. "Nikamwonyesha, na hiki je? Akasema vyote."

"Ungenisubiri," Eliudi akamjibu.

Zubeiri alimtazama kama anayengoja neno jingine. Halikuja. Akaweka mkeka begani, akapanda njia ya mkonge bila kugeuka nyuma.

Siku zilizofuata wanawake wa kambini walichota maji mtoni kwa debe, watoto wakaharisha, na kila aliyepita kibandani alilitaja jina la Zubeiri kwa kulitemea mate. Eliudi hakumtetea. Alipika ugali wa mtu mmoja, akajikuta kila jioni amepika mwingi kupita kiasi.

Mhimili mpya ulipofika, yeye ndiye aliyekirudisha kilango mahali pake. Alipokuwa akikaza nati, mkono wake ulisimama. Nati ile ilikuwa sawa na nyingine zote. Spana ileile iliyofungua vitu vya kubadilishwa ndiyo iliyofungua kitu kisichopaswa kuguswa tangi likiwa na maji. Angeambiwa yeye atoe vyote, akiwa amechoka na jua limemuunguza, angetoa.

Akamwendea Manase, akamweleza anachotaka: kifuniko cha chuma juu ya nati za kilango, kikae chini ya mkono wa koki ya bomba la tangini, iliyokuwa hapohapo kibandani. Koki ikiwa wazi, mkono wake unalala juu ya kifuniko na hakifunguki. Anayetaka kukifungua lazima kwanza afunge koki, na koki ikifungwa, maji hayawezi kuteremka.

"Kitatuchelewesha," Manase alisema.

"Ndiyo, kitatuchelewesha."

"Haya. Mwambie Sadalla wa karakana akufulie kifuniko."

Kifuniko kilipokaa sawasawa, Eliudi alipata lifti ya lori hadi Ngamiani, Tanga mjini, kwenye nyumba aliyokuwa akifikia Zubeiri. Bibi Mwatum, mwenye nyumba, alikuwa barazani akisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Zubeiri kesharudi Pemba, kwa dadake. Una neno lake?"

Eliudi alisimama, kofia mkononi. "Mwambie, akija, hata mimi ningekitoa. Mwambie nilipaswa kumwambia siku ileile."

"Ngoja aje umwambie mwenyewe."

"Nitarudi, inshallah," alisema Eliudi, Mlutheri, kwa kuwa ndivyo Zubeiri alivyozoea kuagana. Alirudi kweli, baada ya mvua za vuli. Zubeiri hakuwa amefika.

Mwaka uliofuata aliletwa mfanyakazi mwingine, Tadeo, mwenye mke kambini na kelele nyingi. Siku moja alikuwa akibadilisha kipuri huku akikitukana kile kifuniko cha chuma.

"Kaka Eliudi, aliyeweka hiki ana chuki na mafundi?"

"Funga koki kwanza."

Tadeo akaifunga, kifuniko kikafunguka. Akatoa nati zote, akaweka kipuri, akazirudisha. Hakuna kilichoharibika, na kwa hiyo hakukuwa na cha kuzungumzia. Eliudi alitaka kumsimulia habari za Zubeiri, hata akafungua kinywa, lakini Tadeo alikuwa ameshapanda baiskeli.

"Mke wangu ananingoja, kaka. Kesho!"

Eliudi akamwitikia kwa mkono. Kisha akajipakulia ugali, akaketi mlangoni, akala polepole akitazama njia ya mkonge.